Komanda na Sufuria Iliyotoboka

Mpendwa Mama Rachida, naomba msaada wako, na tafadhali jina langu usilitaje redioni kwa sababu mume wangu hakosi kipindi chako. Mimi ni mama wa hapa Kindu, mtaa wa Kasuku. Wakati wa vita mdogo wangu alifariki akikimbia upande wa Kailo, na mtoto wake mchanga akaokotwa na mume wangu, ambaye alikuwa kambini na wapiganaji, akakaa naye huko msituni hadi njia ilipofunguka akamleta mjini kwa masista, na kwa kuwa hapa hata chumvi hatukuwa nayo tulikubali, kwa machozi, achukuliwe na familia ya Ubelgiji. Sasa ni msichana mkubwa, tumwite Nathalie, na Ijumaa anakuja kurekodi sauti zetu kwa simu ili habari zake zisipotee. Swali lake ni moja: daktari wa kule alishangaa kumkuta mtoto wa vita ana mashavu, sasa nani alimlisha?

Mama Rachida, mume wangu alikuwa mpishi wa kambi. Alimlisha uji wa mchele na karanga, kijiko kwa kijiko, lakini tangu vita viishe anajipandisha cheo mwenyewe, alianza mlinzi, akawa sajini, sasa mtaa mzima unamwita Komanda, na mimi Mama Komanda. Nilipomwomba amwambie mtoto ukweli alijibu, "Komanda hapikake uji! Nitamuelezea vita, njo kitu watu wanapenda kusikia." Katika vita vyake hivyo mtoto hayumo kabisa. Nikimsahihisha mbele ya mgeni nitamvunjia heshima, nikinyamaza mtoto ataondoka bila jibu. Hata ile sufuria ya kambini, imetoboka na bado inaning'inia ukutani, nilitaka kuitupa mgeni asije akauliza maswali, akanifokea, "Ile muniachie!" Nifanye nini?

Mke wa Komanda, Kasuku

Mama Komanda, pole sana kwa mdogo wako. Hilo silifanyii utani. Mengine yote nitayafanyia.

Kwanza nikugombeze. Hivyo vyeo hakupanda peke yake. Nani alipita sokoni miaka yote akiitikia "Mama Komanda" bila hata kukohoa? Utamu wa nyota za cheo mmeula wawili, leo unataka avuliwe yeye tu.

Pili, umeandika jibu lako mwenyewe na hukuliona. Bunduki yake iko wapi? Na buti zake? Hukuzitaja, kwa sababu hakuziweka. Mzee wa watu ameweka sufuria iliyotoboka. Anajua vizuri alichofanya, ila anaona haya, na haya hiyo tumempa sisi tunaowapigia makofi wenye bunduki tukasahau kumuuliza mpishi.

Sasa sikiliza. Usimsahihishe mbele ya mgeni hata kwa kukonyeza. Ijumaa mwache apigane vita vyake vyote na avishinde, na Nathalie arekodi, maana hiyo pia ni sauti ya baba yake mkubwa. Akimaliza, bandika uji wa mchele na karanga palepale uani, kisha zubaa. Acha uanze kushika chini. Sijaona mpishi anayesikia harufu ya uji unaoungua akabaki kitini. Atakunyang'anya mwiko, atakutukana kidogo, vumilia. Mwambie Nathalie asizime simu, amuulize hapohapo, "Baba mukubwa, njo wewe ulinikulisha?" Halafu wewe nyamaza. Na Jumamosi sokoni, akikuita mtu Mama Komanda, mjibu kwamba mumeo ni mpishi aliyeokoa mtoto, useme kwa sauti, wauza samaki wasikie.

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Lakini makomanda wa Kindu ni wengi na wote wananisikiliza, kwa hiyo nawapa amri wote kwa pamoja: mwenye sufuria ukutani aiteremshe. Kama imetoboka, Komanda, azima kwa jirani. Kutoka Ubelgiji mpaka hapa ni mbali, na huyo mtoto wako atafika na njaa.