Redioni Tulivua Viatu

Rissne, Stockholm
9 Machi 2025

Baba mpendwa, shikamoo. Habari za Bukoba, na mguu unaendeleaje? Sisi huku wazima, ila baridi inatunyanyasa.

Nimepata mzee mpya wa kumhudumia nyumbani kwake, hapa jirani Sundbyberg, na kumbe ni mwenzako! Bwana Tredow, Mjerumani aliyeoa Mswidi, mwigizaji maisha yake yote. Alianzia jukwaani Rostock, akishika mkuki bila kusema neno. Kisha filamu, kila mara daktari mwenye roho mbaya. Lakini anasema kwake hasa ni redioni, maana huko hakuna anayeuliza una sura gani. Nikamsimulia ulivyoigiza redioni yule mwenye nyumba bahili, hadi wanawake wa sokoni wakakataa kukuuzia senene. Alicheka mpaka chai ikamwagika.

Baba, mjukuu wako Maryanne anapata kipaimara siku ya Pentekoste. Alikuwa mdogo sana ulipopata kiharusi, sauti yako haikumbuki. Naomba nikupigie siku hiyo umbariki kwa kinywa chako, kama ulivyonibariki mimi.

Mwanao,
Veneranda

Bukoba
2 Aprili 2025

Mwanangu, marahaba. Mguu unatembea, mkaidi kama mwenyewe.

Baraka nitaiandika, wewe utamsomea. Usinipigie. Sauti hii ndiyo iliyowasomesha ninyi, siwezi kuitoa mbele ya watu sasa inapokokota maneno. Juzi nilimsalimia mwenye duka, akaniambia nirudi pombe ikishanitoka. Mimi, Ladislaus! Tangu hapo nimenyamaza.

Na huyo Mjerumani mpunguzie sifa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ila hebu muulize: wao nao redioni walivua viatu? Sisi tulivua, mbao za studio zilikuwa zinalia.

Baba yako

Rissne
18 Mei 2025

Baba, shikamoo. U mzima? Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione jambo kwa macho yangu.

Bwana Tredow aliombwa awasomee wastaafu hadithi kwenye ukumbi wa hapa Rissne. Nikamvalisha viatu vyake vizuri, nimeving'arisha mwenyewe. Akapanda jukwaani, akanyamaza. Akanyamaza weee! Nikajua amesahau. Kumbe anahangaika kuinama. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akasimama na soksi, ndipo akaanza.

Baba, mdomo wake umepinda. Sikukuambia mwanzoni kwa sababu niliogopa utaona nakusema wewe. Maneno mengine yalichelewa, naye akayasubiri, na sisi tukayasubiri pamoja naye. Maryanne, ambaye hata nikimwita kula hunijibu kwa Kiswidi akiwa kwenye simu, aliiweka simu mfukoni mwenyewe.

Tukiwa njiani alinisimulia. Kiharusi kilipompata, jukwaa lilimwacha na filamu zikamwacha. Redio ikampa nafasi ya mzee mgonjwa. Wasikilizaji wakaandika kumsifu jinsi anavyojua kuigiza ugonjwa! "Sikuwasahihisha," anasema. Akafanya kazi miaka mingine mingi kwa mdomo huohuo. Namheshimu mno yule mzee, na tembo likiingia maji nitalinywa hivyohivyo.

Nilimpa swali lako la viatu. Akasema: "Mwambie mwenzangu, anayeuliza hivyo bado yuko kazini."

Sitakupigia, Baba. Sitaki kukulazimisha. Lakini nimeikumbuka sana sauti yako.

Mwanao,
Veneranda

Bukoba
Ujumbe wa sauti, 8 Juni 2025

Maryanne, mjukuu wangu. Ni mimi, babu yako. Usi... usishangae maneno yakichechemea. Yatafika. Nimesimama. Nimevua viatu, na sakafu ya baridi, looo!

Mungu akushike mkono. Akupe akili, akupe na watu wa kucheka nao. Ukikwama, su... subiri kidogo, kisha uendelee. Nakubariki mimi, baba wa mama yako.

Na mama yako aache kulia, namjua. Yule Mjerumani mpeni salamu za mwenzake.

Rissne
8 Juni 2025

Shikamoo Babu. Mimi mzima. Mama analia kweli. Nimesikiliza mara nyingi. Naomba sema tena, sema kitu chochote.

Mjukuu wako,
Maryanne