Kufungua kwa Sigara

Matogoro, Jumatano, katikati ya Ramadhani

Na leo tena nimefungua kwa sigara. Si kwa tende, wala hata maji.

Niliweka nia kwamba mwezi huu ndio mwisho wa kuvuta. Mchana sipati shida, saumu inanizuia. Kumbe najidanganya. Adhana ya magharibi siisubiri kwa ajili ya Mungu, naisubiri kwa ajili ya kiberiti.

Ilipoadhiniwa nilimwambia mke wangu naenda kuchukua kuni. Nikajibanza nyuma ya banda la kuku, nikavuta mpaka kwenye kichungi, kichwa kikanizunguka. Nikasukutua, nikatafuna jani la mpera, nikarudi ndani na kuni zangu kama mtu wa maana.

Uji ulikuwa umeshaanza kupoa. Tende zote zilikuwa bado kwenye sahani. Mke wangu na binti yetu Zuhura, ambaye mwaka huu ndiyo kwanza anafunga, walikuwa wamekaa mkekani, hawajagusa kitu.

"Mbona hamjafungua?" nikauliza, tena kwa ukali.

"Tunakusubiri wewe, baba," Zuhura akasema. Midomo ilikuwa imemkauka. "Utuombee dua."

Nikainua mikono, nikaomba. Wakaitikia amin. Nilipojipangusa uso, viganja vyangu vikaninukia moshi, nami nikabaki nimejifunika hivyo hivyo. Nilishindwa kuwatazama.

Mke wangu akasema polepole, "Baba Zuhura, toa mikono. Mtoto ana njaa."