Mlango wa Baba kwenye Nyumba ya Mabaki

Mpendwa dada,

Pokea salamu nyingi, hata bahasha imevimba. U mzima? Shemeji mgongo wake je? Mimi mzima kama chuma, tena kipya. Dada, bahati imeniganda kama kupe: Jumamosi nilikuwa mgeni wa heshima kwa yule tajiri mkusanya picha na vinyago, kwenye nyumba anakopumzikia mwisho wa juma.

Nyumba yote ni mabaki. Ngazi ni mataruma ya reli. Madirisha yametoka shule iliyobomolewa, bado yana majina ya watoro yaliyokwaruzwa kwa msumari. Nikamwambia mimi kwa pesa zake ningenunua vipya. Akacheka mpaka miwani ikamtoka, akasema vipya havina la kusimulia.

Sebuleni, katikati ya picha, umetundikwa mlango wa buluu, kitasa chake usawa wa goti. Wageni wakawa wanaelezana kwamba fundi alitaka kila aingiaye ainame, ajifunze unyenyekevu. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Wewe unajua, ule ni mlango wa kwetu. Marehemu baba alitaka kitasa kikae juu tusitoroke kwenda kucheza, akautoboa mlango ukiwa umesimama kichwa chini. Mama alipomcheka, akaapa amekusudia, ili wanawe wakifikie.

Dada, katika barua yako ulisema nyumba yako imefika kwenye paa, ukaniuliza tena kama hata ubao mmoja wa mlango ule ulisalia, uuweke kwako. Nilikuwa nimekujibu kwamba mchwa waliumaliza. Mchwa hawana hatia. Wiki ile uliyoondoka baada ya maziko, niliung'oa mwenyewe nikampa muuza vitu chakavu, nikarudi na redio. Redio yenyewe haikumaliza mwezi.

Nimemweleza yule tajiri yote. Anasema mlango ni wako, ila ataukabidhi mkononi mwako, si mwangu, na simlaumu. Njoo Jumamosi yoyote. Ukiwa hutaki kuniona, sema tu, nitakaa mbali. Lakini mlango uchukue.

Msalimu shemeji, na watoto uwabane mashavu kwa niaba yangu.

Halafu, dada, mgeni wa heshima sikuwa. Niliitwa kuranda mlango wa choo uliokwama, nikaingilia uani.

Ni mimi mdogo wako,
Domo