Mpokeaji Asiyesubiri Kivulini

Baba Neema, mwangaluka!

Hapa Nkololo salamu nimeshazizoea, ila kutulia bado. Shangazi anasema nakaa kama nimekalia siafu.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, magari yao yanapiga honi kutwa na watu wanavuna pamba mbiombio. Jana niliwekwa ukingoni mwa shamba, chini ya mti, kuwatua wavunaji mafurushi kichwani. Waliotoka mbali walichoka, wakayatupa njiani, pamba ikaingia vumbi. Shangazi akafoka, "We mpokeaji gani unasubiri kivulini? Ingia humu katikati!"

Nikaingia, nikabaki nacheka peke yangu. Si ndiyo yanayoikuta ile plastiki ya umeme wa jua ninayoitengeneza kule maabara! Jua linazitoa chembe za umeme ndani ya plastiki, lakini kemikali ya kuzipokea nimeipaka tabaka la pembeni, kwa hiyo nyingi zinapotelea njiani. Kumbe niichanganye humo humo ndani ya plastiki! Ila kemikali yenyewe ukiichanganya inaganda madonge, lazima nitafute nyingine, nami nimekwama huku mpaka mavuno yaishe.

Nibusie Neema. Na nikishuka Ubungo, usinisubiri getini na gazeti lako. Ingia mpaka mlangoni pa basi, unitue.

Mama Neema wako