Kibanda cha Lubango

Jumatatu, 1 Julai

Nimefagia kibandani kabla ya kwenda kazini. Maji kwenye kibuyu, unga wa mtama kidogo juu yake, nikanyunyiza mlangoni. Nikawataja marehemu wetu: babu Lubango, bibi, mama. Hata dakika tano hazifiki. Pimbi alikuwa juu ya jiwe, ananitazama kama mkaguzi wa shule. Nikanawa, nikavaa sare, nikaenda kituo cha afya kwenye hadubini yangu.

Kutwa nzima natazama vijidudu ambavyo hakuna aliyewahi kuviona kwa macho matupu. Halafu aje mtu aniambie kisichoonekana hakipo.

Mchana ujumbe kwenye kundi la ukoo. Kutoka kwa mdogo wangu Yoshua. Jumamosi ya tarehe 13 ni siku ya kukomboa ukoo. Watumishi wa kanisa lake watakuja kuvunja na kuchoma "madhabahu ya giza iliyoko kwa dada Kabula". Hakunipigia kwanza. Hakuniuliza. Watu kumi na moja wameandika Amina.

Nimejibu: "Karibuni. Mtakunywa chai ya maziwa au ya rangi?"

Nina hasira. Vioo viwili vya sampuli nimevivunja.

Jumatano, 3 Julai

Niandike hili vizuri, maana hasira inasahaulisha.

Yoshua hakuzaliwa Yoshua. Alikuwa Daudi. Akiwa na miaka minne aliumwa, hali, halali, amebaki macho. Mimi nilikuwa na kumi na moja, nilikuwa nambeba. Hospitali walimpa dawa, hatukuona nafuu. Mama akavuka naye kivuko mpaka Sengerema kwa mfumu, mganga mmoja mwanamke. Kuku akapasuliwa, akasomwa. Jibu likawa kwamba babu anataka jina lake liitwe tena. Daudi akawa Lubango. Akavishwa bangili ya shaba ya babu. Ilikuwa kubwa mno, mama akaifunga kwa uzi juu ya kiwiko. Baba akajenga kibanda hiki cha nyasi nyuma ya nyumba, kati ya mawe mawili, babu apate pa kukaa.

Baada ya siku chache mtoto akaomba uji.

Labda lilikuwa jina. Labda zilikuwa zile dawa, zilichelewa tu kufanya kazi. Mimi ni mtu wa maabara, siapi.

Alipofika sekondari wenzake walimcheka, akaitundika bangili kibandani. Ukubwani akaokoka, akajiita Yoshua. Sina neno na wokovu wake. Ameacha pombe, anampenda mkewe. Lakini kanisani kwake anashuhudia kuwa kile kibanda ni cha dada yake mkubwa. Changu! Mimi simo mle. Jina langu ni la mvua iliyonyesha siku niliyozaliwa, basi.

Mama alinishika mkono wiki yake ya mwisho. "Bangili ni ya Lubango. Akiitaka, mpe. Akiitupa, aitupe yeye. Asiitupe mtu mwingine." Nikasema ndiyo, mama. Ndiyo yangu haijaisha muda.

Alhamisi, 4 Julai

Shangazi katuma picha ya moto kwenye kundi. Ameokoka tangu Pasaka. Yeye ndiye alikuwa anapika pombe ya tambiko, na alikuwa anaionja kuliko mizimu.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani kwangu nako habari imefika. Baada ya ibada mzee wa kanisa kaniita pembeni, karibu na tenki la maji. Akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Nawataja wazee wangu asubuhi, na Jumapili naimba sauti ya pili, na Mungu hajawahi kunilalamikia.

Akaniomba nipumzike kwaya kwa muda. Nipumzike. Nani kamwambia nimechoka?

Nimelia nikiwa naosha vyombo. Kwaya naipenda. Miaka kumi na tisa. Leo walianza wimbo chini mno, nilisikia kutoka nje.

Jumatatu, 8 Julai

Nimetoka kazini nikaenda Mabatini, dukani kwa Yoshua. Anauza spea za pikipiki. "Bwana asifiwe," akasema. Tangu aokoke shikamoo hanipi, anasema ni kumshikia mwanadamu miguu. Nikaitikia amina. Sikwenda kupigania salamu.

Nikamwambia njoo kabla ya Jumamosi. Peke yako. Ingia, ichukue bangili yako. Ukitaka itupe ziwani, mimi nitashika kibuyu na kunyamaza. Ila iwe kwa mkono wako.

Akasema hana chake mle ndani. Nikamkumbusha maneno ya mama. Akawa anapanga boksi la plagi ambalo tayari lilikuwa limepangwa. Akaingia mteja, akatoka. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Dada, usiniaibishe mbele ya watu."

Kumbe ndiyo hiyo. Haogopi mizimu. Anaogopa mchungaji wake ajue mwenye kibanda ni nani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kipande kizima cha njia. Siri hiyo ni fimbo mkononi mwangu, na yeye anajua.

Jumatano, 10 Julai

Nimeifanyia mazoezi sentensi yenyewe. Nimeisema mbele ya sinki la maabara. "Kibanda hiki kilijengwa kwa ajili ya Yoshua, jina lake ni Lubango." Inatoka vizuri. Tamu kweli.

Rehema, nesi wetu, alinisikia, nikamweleza yote. Akasema dada Kabula, si uitoe tu hiyo bangili uifiche kabatini, wakija wakute patupu? Ana akili, ndilo jambo ambalo mtu mwenye akili angefanya. Nikakataa. Nikificha nimekubali kuna kosa. Halafu nimeambiwa asiitoe mtu mwingine. Mtu mwingine ni pamoja na mimi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekanda unga wa maandazi. Nimeazima vikombe kwa jirani. Mgeni ni mgeni hata akija na petroli.

Sijaamua kuhusu ile sentensi.

Jumamosi, 13 Julai

Walifika saa nne asubuhi. Magari mawili, spika mbili, jenereta. Majirani walishapanda kwenye mawe, wengine na watoto mgongoni, kama siku ya mpira. Shangazi kajifunga kitambaa cheupe, hanitazami. Yoshua kavaa suti ya harusi yake.

Nikawapa chai. Walisita. Mchungaji wao ni mtu mpole, nilitaka awe mbaya ili nimchukie vizuri. Akaombea maandazi, akala matatu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya.

Kisha nikachukua kigoda cha mama, nikaenda kukaa mbele ya mlango wa kibanda. Mlango wenyewe unanifika kiunoni.

Mchungaji akasema, "Mama, tunaomba ushirikiano. Toa vitu vya giza tuviteketeze."

Nikasema, "Mimi sitoi kitu, mchungaji. Na asiye wa ukoo huu haingii humu nikiwa nimekaa hapa. Kilichomo anakitoa mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani?"

Jenereta inanguruma. Sentensi ilikuwa mdomoni, nilikuwa naionja. Nikamtazama Yoshua. Jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, macho makubwa. Yale yale ya miaka minne, mgongoni kwangu, amebaki macho.

Sikuweza. Sio kwamba mimi ni mwema. Nilimbeba, basi.

Nikasema, "Mtu wa damu. Ndugu yangu yupo hapo. Aingie yeye." Nikainuka, nikabeba kigoda changu, nikampisha.

Alikuja polepole. Alisimama pale mlangoni kama anapima. Lakini kile kibanda hakiingiliki ukiwa umesimama, baba alikijenga hivyo makusudi. Yoshua akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake, akaingia kwa mikono.

Akakaa humo. Wakaimba wimbo mzima ukaisha. Wakaanza wa pili. Mchungaji akaita, hakuitikia. Mimi nilikuwa nimeshika upande mmoja wa kanga, sijui nilikuwa nafanya nini nayo, jioni nimekuta imechanika.

Akatoka. Magoti mekundu kwa udongo, mikono mitupu. "Hamna kitu," akasema. "Nyasi tupu."

Mchungaji akamuuliza tena, hakuna kitu kabisa? Akasema hakuna.

Wakamwaga petroli. Nyasi za Julai, haikuchukua hata robo saa. Shangazi alipiga vigelegele, kisha akakaa chini akalia, na sidhani kilikuwa kilio cha furaha. Mimi sikulia. Nilikusanya vikombe, nikavihesabu, nikavirudisha kwa jirani.

Nyasi tupu. Babu yetu, aliyempa jina. Nyasi tupu! Nilimhifadhia aibu yake, yeye akasimama pale pale akamkana mzee wa watu. Nimejuta kufunga mdomo. Namchukia leo. Naandika hivyo hivyo, namchukia.

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda kanisani. Majivu yalishapoa. Nimeyatoa kwa koleo nikayachekecha kwa chekecheke la unga, kidogo kidogo, mpaka jua likanichoma shingo. Shaba haiungui kwa moto wa nyasi. Kama bangili ilikuwa mle, lazima niipate. Nilitaka kumpelekea dukani, niiweke juu ya meza mbele ya wateja wake.

Nimepata kipande cha kibuyu. Nimepata waya. Nimepata jino la mbuzi, sijui limefikaje.

Bangili hakuna.

Nimechekecha mara ya pili. Hakuna.

Nimekaa juu ya jiwe nikacheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Ndani ya koti. Mtumishi Yoshua kamdanganya mchungaji wake mchana kweupe na bangili ya babu iko ndani ya koti la harusi.

Jumanne, 16 Julai

Nimenunua fito na kamba za katani. Nguzo nne nimechimbia mwenyewe baada ya kazi. Mkono wa kulia una malengelenge, leo hadubini nimeizungusha kwa kushoto.

Nikapiga picha nguzo zikiwa zimesimama, nikaituma kwenye kundi la ukoo. Sikuandika neno. Hakuna Amina hata moja. Baada ya saa nzima Shangazi kaniandikia pembeni: nyasi nzuri zinapatikana bondeni, nyuma ya shule, zisiwe changa.

Mzee wa kanisa naye kasikia. Kaniuliza kwa simu kama ni kweli najenga tena. Nikamwambia najenga, na Jumapili nitakuwa kwenye kiti changu kwaya, na kama mtu anataka kuniinua aje na nguvu za kutosha. Akakohoa. Akasema tutaonana.

Jumamosi, 20 Julai

Asubuhi tulivu. Ziwa limelala. Nilikuwa juu ya ndoo nikihangaika na kilele cha kibanda, sikifikii vizuri.

Pikipiki ikasimama nje. Yoshua, peke yake. Nyuma ya kiti kafunga mzigo wa nyasi, ndefu, kavu, zilizochaguliwa. Akaushusha, akauweka karibu na miguu yangu.

"Shikamoo, dada."

Nikashuka kwenye ndoo. Ilikuwa imepita miaka sita. "Marahaba."

Sikuuliza kitu. Kesho ataenda kanisani kwake na mimi kwangu, na mchungaji wake hatajua, na hiyo ni shughuli yake na Mungu wake. Akavua viatu. Akapanda kwenye ndoo, yeye ni mrefu. Nikawa nampa nyasi tita moja moja, anapanga, anafunga.

Jua lilikuwa kali lakini alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, vifungo vyote. Alipoinua mkono kuzungusha kamba kwenye kilele, kitambaa kikavutika juu ya kiwiko. Nikaona umbo la duara chini yake. Siku hizi inamtosha bila uzi.

Nikageuka nikatazama ziwa mpaka alipomaliza fundo.

"Kaza hapo," nikamwambia. "Paa la kwanza lilikuwa linavuja upande huo huo."

Akakaza. Nikaenda kuweka chai.