Mutugi, rudisha mlio wa kompyuta

Mutugi,

Chai iko kwa chupa. Nimepeleka kabichi soko la Gakoromone. Sikukuamsha kwa sababu ningesema vibaya.

Ukiamka, usiguse kitu kabla ya kurekebisha hiyo kompyuta. Ni wewe ulizima mlio na vile vijumbe vinavyotokea pembeni mtu akituandikia, wakati wa mtihani, eti vinakusumbua. Hukurudisha. Nimejaribu kwa setingi, inaniuliza vitu sivijui.

Unajua tangu kioo cha simu yangu kipasuke, jumbe za dada yako nazisomea huko kwa kompyuta. Leo nimefungua nitafute bei ya mbolea, nikakuta Kendi ameandika mwezi mzima. Na mimi Jumapili nilisimama kanisani nikaomba aombewe kama mtu aliyepotea huko Qatar.

~~Usimwambie baba yako.~~ Mwambie baba yako aache kusema Kendi alitusahau alipopata kazi.

Ujumbe wake wa mwisho ni huu: "Mama, kama nimewakosea niambieni tu."

Nimemjibu kabla sijatoka. Msizime kompyuta, hata mkilala. Mpaka sasa ni tiki moja, haujamfikia.

Mama Kendi