Galaksi ya Mzee Itasubiri

Mwenzangu, niko kwenye ngazi za ofisi. Soma halafu uniambie kama nina wazimu.

Ile nyota yangu ya nyutroni, ile inayomnyonya nyota mwenzake gesi kama kaka yako anavyomnyonya mama, imelipuka leo asubuhi. Ilikuwa imelala tangu tuko chuoni. Eksirei zimepanda mpaka nikadhani kompyuta imeharibika.

Darubini ya setilaiti ilikuwa inatazama galaksi ya bosi wetu, yule Mzee. Zamu ni yangu. Nikaigeuza.

Sikuomba ruhusa. Nilimpigia, hakupokea, nikaigeuza.

Akaja kunifokea mbele ya watu wote. "Nani kakutuma uguse galaksi yangu?" Galaksi YAKE. Umesikia?

Nikamwambia, "Mzee, galaksi yako ina miaka mabilioni, kesho utaikuta palepale. Hii nyota wiki ijayo itakuwa imeshazima."

Fundi wa mitambo akajifanya anafunga kamba za viatu. Amevaa ndala.

Mzee akasema niirudishe sasa hivi na niombe radhi. Nikamjibu radhi nitaiomba galaksi, maana yeye sijamkosea. Ndiyo, nilisema hivyo. Kwa mdomo huu huu.

Kasema kesho nisije. Sawa. Lakini bila kadi ya zamu hakuna anayeweza kuigeuza darubini, na kadi iko shingoni mwangu mpaka jioni.

Narudi ndani kukaa kwenye kiti changu. Eksirei za nyota bado zinapanda.